Mtoto Akipona

Milimani, Kisumu
Jumamosi, 3 Februari 2024

Shangazi Metrine,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu, lakini simu yako hupokelewa na ukoo mzima wa Seme. Mara ya mwisho mumeo Baba Owino aliweka sauti ya nje, nikasikia hata kuku wakinijibu. Neno nililo nalo leo si la kuku. Nitampa jirani yako Benta barua hii kesho pale soko la Kibuye akishafunga mitumba yake. Nimemwambia ndani mna maombi ya novena, basi hana haja ya kuifungua.

Kavya, mtoto ninayemlea hapa, ana miezi kumi. Jumamosi, wiki mbili zilizopita, aliamka na homa. Baba yake, Siddharth, alikuwa Nairobi kwa kazi za kiwanda, na nyanya yake, ambaye nyumba nzima tunamwita Ba, alikuwa hekaluni kwao. Tulibaki mimi na mama yake, Prerna. Saa nane mchana mtoto akakakamaa, macho yakageuka yakawa meupe, midomo ikawa ya buluu. Degedege, Shangazi. Mama Kavya alinikabidhi mtoto akatoka mbio kutafuta ufunguo wa gari, nikamsikia akimpigia kelele askari afungue geti. Nikabaki jikoni peke yangu na yule mtoto, naye hakuwa anapumua. Nasema kweli, hakuwa anapumua.

Mkono wangu ukafanya ulichoufundisha. Nilichota maji kwa kikombe cha chuma nikamwagia kichwani mara tatu, nikisema: Kavya, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Sikufikiri hata kidogo. Unakumbuka ulivyotufundisha ubatizo wa dharura kwa gunzi la mahindi lililofungwa leso? Wiki ile tulibatiza magunzi yote ya boma lako, hakuna hata moja lililokufa pagani.

Alipopata maji ya tatu, akakohoa. Tukafika hospitali, wakasema ni malaria, akalazwa siku nne. Sasa ni mzima, anatambaa hadi chini ya friji.

Ndipo nikachanganyikiwa. Mtoto huyu ni nani sasa? Kila jioni Ba humpaka alama nyekundu kwenye paji la uso, palepale maji yalipopita, nami ndiye ninayemshika atulie. Je, namkosea Mungu nikimshika? Nisipomshika namkosea Ba. Wazazi hawajui kitu. Niwaambie? Wakijua watanifukuza, na hapo sitamwona Kavya tena, naye nimemzoea kama pumzi yangu. Jumapili mbili sijapokea Komunyo. Nikifika katikati ya foleni miguu inarudi.

Niambie nilifanya nini.

Mwanao,
Nasambu

---

Kombewa
Jumamosi, 10 Februari 2024

Nasambu mwanangu,

Milele amina. Novena yako nimeisoma nikiwa nimejifungia chooni, kwa hivyo siri yako iko salama ila mbu wamenimaliza.

Acha kulia. Ulifanya nini? Ulifanya kazi ya Kanisa! Maji yalikuwepo, maneno yalikuwepo, nia ilikuwepo. Basi, imekwisha. Mtoto huyo ni Mkristo kama wewe, na kunizidi mimi, maana yeye hana dhambi hata moja na mimi jana nimegombana na mama mkwe juu ya sufuria. Miaka yote ninafundisha watu jambo hili na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitumia. Wewe umelitumia. Nilitaka kupiga kigelegele, nikakumbuka niko chooni.

Kuhusu wazazi, funga mdomo. Mdomo uliponza kichwa. Hao ni watu wazuri, wana dini yao, na ukweli mwingine ukisemwa hauna anayemsaidia. Lakini wewe sasa ni kama msimamizi wake. Usimwache awe Mkristo wa kikombe kimoja cha maji. Ukimlaza mchana, mchore Ishara ya Msalaba, umsomee Salamu Maria polepole. Mtoto hujifunza kwa sikio kabla ya mdomo. Huyo Ba mwache na rangi yake, rangi huoshwa.

Jambo jingine: ubatizo wa dharura lazima uandikwe kwenye rejista ya parokia. Nitumie majina kamili ya wazazi, tarehe na mahali. Nitampelekea Padri.

Na Jumatano ya Majivu ikifika, nenda ukapakwe, kisha Jumapili upokee Komunyo. Kwaresima si ya kujinyima Mungu.

Shangazi yako,
Metrine, Katekista

---

Milimani
Jumamosi, 24 Februari 2024

Shangazi,

Majina nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Nilipokuwa nikiyaandika, mkono ulikuwa mzito, sijui kwa nini. Umesema ni sheria, basi ni sheria. Ishara ya Msalaba pia ninafanya, kila akilala mchana. Yeye hucheka, anadhani ni mchezo wa kutekenya.

Sasa sikia kichekesho ambacho mimi kimenishinda kucheka. Mama Kavya amewaambia watu wote kwamba nilimwokoa mtoto kwa huduma ya kwanza. Eti nilimpoza kwa maji, kichwani, mara tatu, kwa utaratibu. Sijui nani alimtia wazo hilo. Nadhani alirudi jikoni akaona nywele zimelowa akajijazia mwenyewe. Nilipomsikia akimsimulia Ba, nilitaka kusema sivyo, lakini nikisema sivyo nitaulizwa ilikuwaje, na wewe umesema nifunge mdomo. Nikafunga.

Jumanne iliyopita walikuja marafiki zake wawili na yaya wao. Mmoja ni Amandeep, mume wake anauza vipuri vya magari, na mwingine ni jirani yetu Shaista, mama wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Wakaketi sebuleni, wakaletewa chai na chevda, nikaitwa nije niwaonyeshe. Wakanipa mwanasesere na jagi la maji! Nilisimama pale na mwanasesere, nikakumbuka magunzi yako, nikatamani zulia lifunguke linimeze.

"Haya Nasambu, onyesha vile ulifanya," Mama Kavya akasema, lakini hakuwa ananitazama.

Nikamwaga mara tatu. Amandeep akauliza, "Kwa nini tatu? Nne je, haifanyi?" Nikasema ndivyo nilivyofundishwa. Akaandika kwenye simu yake: mara tatu. Shaista naye akamgeukia yaya wake, Mercyline, "Wee, angalia vizuri, si kukaa tu na TikTok."

Mercyline tunajuana, ni wa kwetu Webuye, wa kanisa la Friends. Kwao hawabatizi kwa maji kabisa. Baadaye jikoni aliniuliza, "Dada, hii umesomea wapi?" Nikamwambia, kwa shangazi yangu. Sikudanganya, na bado ulikuwa uongo mtupu.

Jumapili nilipokea Komunyo kama ulivyosema. Sikusikia amani. Nilisikia kama nimekula chakula cha mtu mwingine.

Nasambu

---

Kombewa
Jumamosi, 9 Machi 2024

Mwanangu,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na aibu, na aibu haiandiki haraka.

Nilikwenda kwa Padri na kile kikaratasi chako nikitembea kama nimeshinda uchaguzi. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema ubatizo ni halali, mtoto alikuwa katika hatari ya kufa, hukutenda dhambi. Akafungua rejista akaandika, jina la Kavya liko pale, nimeliona kwa macho yangu. Kisha akaniuliza, "Na haya ya Ishara ya Msalaba ya siri, ni nani alimwambia?" Nikasema ni mimi. Akavua miwani.

Akasema niache mara moja, na wewe uache mara moja. Kwamba Kanisa halimwibi mtoto kwa mama yake. Alipokuwa anakufa hapakuwa na wakati wa kuuliza, lakini amepona, na aliyepona ana wazazi wa kumlea kwa njia yao. Sisi tumwombee tu, kimya kimya, tukiwa mbali. Nikamwambia, "Baba, kama ni Mkristo, tutamwachaje?" Akasema, "Metrine, hilo ni gumu." Sasa mimi nilikwenda kuuliza kwa mtu anayejua, nikajibiwa kwamba ni gumu!

Nimerudi nyumbani nikakaa kwenye kile kibao cha kuoshea vyombo. Miaka ishirini na miwili ya ukatekista, Nasambu. Nimefundisha maji, nimefundisha maneno, nimefundisha nia. Sijawahi hata siku moja kufundisha mtoto akipona. Katika somo langu mtoto hufa kila mara, na sisi tunamshukuru Mungu.

Basi acha Ishara ya Msalaba. Kuhusu wazazi bado nasema nyamaza. Maji yakishamwagika hayazoleki. Na hilo la huduma ya kwanza usilitie moyoni. Waache wamwage. Maji hayana sumu.

Metrine

---

Milimani
Jumamosi, 16 Machi 2024

Shangazi,

Maji yana sumu.

Jumatatu mtoto wa Shaista alipatwa na degedege. Mama alikuwa dukani. Mercyline alikuwa peke yake, akafanya nilichomwonyesha. Alipoona mara tatu hazijasaidia, akarudia, tena na tena, hadi jagi zima likaisha, na mtoto amelazwa chali, mdomo wazi. Maji yakamwingia kifuani. Amekaa hospitali siku nne akiwekewa hewa. Jana wamesema atapona. Nimeambiwa hivyo mara tatu na bado naenda kuuliza kwa askari wa geti lao.

Mercyline amefukuzwa. Baba wa mtoto alimtolea begi hadi barabarani. Na unajua kosa walilompa? Eti alifanya vibaya. Shaista alimwambia, "Nasambu alimwaga kidogo kidogo, wewe ulimwaga kama unaosha gari!" Kwa hivyo mimi bado ni fundi. Yaya wa Amandeep angali anafanya mazoezi na mwanasesere.

Mercyline alipita kwenye geti letu na begi lake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada, labda kuna hatua niliisahau." Nililia hadi Ba akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Nilikwenda kuungama mjini, kwa padri asiyenijua. Nikamwambia yote tangu kikombe. Akasema kwa ule ubatizo hana dhambi ya kuniondolea, maana haipo. Nikamwambia, "Padri, basi hiki kinachonikaba ni nini?" Akasema, "Ni uongo uliokuja baadaye. Huo ndio dhambi, na uongo unaoweza kuua mtoto haungoji Pasaka." Malipizi yangu ni kwenda kwa kila niliyemfundisha nimwambie ukweli.

Lakini nitawaambiaje kwamba si huduma ya kwanza bila kusema ilikuwa nini? Nimegeuza pande zote, hakuna mlango mwingine. Wewe ulisema nyamaza. Padri wako alisema mwombee ukiwa mbali. Padri wa mjini amesema sema. Ba anasema nile. Kila mmoja ananipenda na kila mmoja ananivuta upande wake, na Kavya amesimama leo kwa mara ya kwanza, ameshika sketi yangu.

Nitamwandikia mama yake. Kwa mdomo nitashindwa.

Nasambu

---

Jikoni
Jumatatu, 18 Machi 2024

Mama Kavya,

Naacha barua hii chini ya kopo la chai kwa sababu ni wewe tu unayefungua hilo kopo asubuhi. Nisamehe kwa kukuandikia ndani ya nyumba yako mwenyewe kama mtu aliye mbali.

Siku ile ya Januari, maji niliyommwagia Kavya hayakuwa huduma ya kwanza. Sijui huduma ya kwanza. Nilidhani anakufa, na katika kanisa letu mtoto akiwa anakufa mtu yeyote anaweza kumbatiza. Nilimbatiza. Mara tatu ni kwa Baba, kwa Mwana na kwa Roho Mtakatifu. Si dawa, na haizuii degedege. Muuguzi niliyemuuliza amesema mtoto alazwe ubavu, asimwagiwe maji, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Tafadhali mwambie Amandeep leo hii, kabla hujamaliza kunikasirikia.

Kuna mengine mawili. Jina la Kavya limeandikwa katika kitabu cha parokia moja huko Seme. Nilitoa majina yenu bila ruhusa. Na kwa karibu mwezi mmoja nilikuwa namchora Ishara ya Msalaba akilala mchana. Nimeacha. Hakuna kingine nilichoficha.

Mercyline hana kosa. Alifanya kama nilivyomwonyesha.

Sikutaka kumchukua mtoto wako. Nilitaka asiende peke yake.

Nasambu

---

Jumatano, 20 Machi 2024

Nasambu,

Kiswahili changu ni cha shule ya msingi hapa Kisumu na cha sokoni, kwa hivyo nikikosea usinicheke. Barua yako nimeisoma mara nne, nikiwa nimesimama. Siku mbili hizi umeniona nikipita bila kukusalimu, na leo nimeona heri niandike, maana nikisema nitapiga kelele na Ba atasikia.

Siku ile ufunguo haukupotea. Niliupata mara moja, nikarudi, nikasimama mlangoni mwa jikoni. Nilikuona. Nilisikia maneno yote. Shule yangu ilikuwa ya masista, nayajua. Ningeweza kukuzuia na sikukuzuia. Nilikuwa nimeshamwita Mungu kwa kila jina ninalolijua, nikaona wewe unalo jingine.

Ba alipofika hospitali kutoka hekaluni siku ile aliniuliza kwa nini nywele za mtoto zilikuwa zimelowa. Ni mimi niliyesema huduma ya kwanza. Wewe hukusema. Ningemwambia nini? Kwamba nilisimama nikatazama mjukuu wake akibatizwa? Nikamsimulia yeye, nikamsimulia Siddharth, na kila nikisimulia inakuwa kweli zaidi. Amandeep na Shaista walipoomba uwafundishe, nilijua. Nilikuletea mwanasesere huku nikijua. Kwa hivyo usijibebeshe peke yako. Mtoto wa Shaista alikuwa karibu kufa kwa sababu yangu pia. Amandeep nimempigia simu Jumatatu ileile. Kesho saa nne tunakwenda kwa Shaista, mimi na wewe, na mimi nitatangulia kusema.

Sasa yale mengine. Kwa maji ya siku ile siwezi kukulaumu, na labda ninakushukuru, sijui. Alikuwa anakufa na sisi wote tulikuwa wendawazimu. Lakini mwezi ule ulipomchora msalaba mchana alikuwa mzima, analala kitandani kwake, na mimi nilikuwa chumba cha pili nikikunja nguo. Ningekujibu kama ungeniuliza. Hukuniuliza. Nilikuona mara mbili kupitia mlango nikajiambia labda unamtekenya, kwa sababu sikutaka kukupoteza. Na hicho kitabu! Jina la binti yangu limelala katika nyumba nisiyoijua. Huwezi kubaki, Nasambu. Nimelia kabla ya kuandika hivyo, lakini nimeandika.

Nina swali, na nimekuwa nalo tangu Januari. Niliposimama pale mlangoni niliwaza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, apone. La pili, kama anakufa sasa, huyu msichana anampeleka mahali ambapo mimi mama yake nitafungiwa nje? Masista walitufundisha hivyo, au mimi nilielewa hivyo, nilikuwa mtoto. Ninyi mnasemaje? Usiniombee. Nijibu.

Prerna

---

Manyatta, kwa Mercyline
Jumamosi, 23 Machi 2024

Shangazi,

Tulikwenda. Mama Kavya alisema yote mbele ya Shaista na mume wake bila kujificha nyuma yangu. Alisema, "Uongo ni wangu, huyu alinyamaza tu." Shaista alimsugua mgongo mtoto wake, aliyekuwa mapajani na bado anakohoa. Kisha akanitazama kwa hofu: "Na wangu je? Mercyline amembatiza?" Nikamwambia hapana, Mercyline hajui maneno hayo, na kwao hata hawayasemi, yalikuwa maji tu. Mume wake akacheka ghafla kisha akafunika uso. Sijui kama alikuwa bado anacheka.

Wamempigia simu Mercyline arudi kazini. Amewaambia atafikiria. Kwa sasa ndiye aliyenipa mahali pa kulala, yeye niliyemponza, na asubuhi ameniamkia kwa chai ya maziwa. Mimi huyu nimefukuzwa na mtu anayenishukuru, nimekaribishwa na mtu niliyemwumiza. Ukiniuliza kama nimetenda mema au mabaya mwaka huu, sijui pa kuanzia kuhesabu.

Niliondoka Ijumaa. Baba Kavya alinipa mkono. Ba, ambaye sasa anajua yote, alinifungia chapati kwenye karatasi ya fedha na akakataa kunitazama, vyote kwa wakati mmoja. Kavya alikuwa amelala. Mama yake hakuniamshia na sikuomba. Moyo wangu bado uko kwenye kile chumba, nakuambia wazi.

Getini Mama Kavya aliniuliza lile swali lake tena kwa mdomo. Limo katika barua yake, nimekuwekea humu uisome mwenyewe. Nilifungua mdomo nitoe lile jibu la katekisimu, nikakuta silijui. Nilikuwa najua maji, maneno na nia. Akasema, "Basi muulize aliyekufundisha."

Nakuuliza.

Nasambu

---

Kombewa
Jumatatu ya Juma Kuu, 25 Machi 2024

Nasambu mwanangu,

Benta anarudi Kisumu kesho alfajiri kuchukua mzigo, kwa hivyo naandika kwa haraka, kabla ujasiri haujanitoka. Kwanza nisamehe. Niliandika kwamba maji hayana sumu, nikiwa nimekaa hapa salama. Mwambie Mercyline kwamba hatua aliyoisahau ni mimi niliyeisahau.

Barua ya Mama Kavya nimeisoma. Nilipofika kwenye swali lake ilibidi nitoke nje.

Kuna jambo ambalo hukuambiwa kwa sababu wakati huo ulikuwa unanyonya, na baadaye nikakataza lisitajwe. Kabla ya Owino nilikuwa na mtoto. Alizaliwa Jumatano, tukapanga abatizwe Jumapili. Ijumaa akashindwa kunyonya. Tulimbeba kwa baiskeli kuja hospitali ya hapa, mume wangu akiendesha, mimi nimeketi nyuma na mtoto, na kwenye usukani palikuwa na kidumu cha maji ya kunywa. Alikata roho njiani, mikononi mwangu. Maji yalikuwa mbele yangu, Nasambu, hatua moja. Nilikuwa Mkristo wa kujaza benchi tu, sikujua kwamba hata mimi ninaweza. Nilipokuja kujua, nilienda kusomea ukatekista, na ndiyo sababu nilikuwa mkali vile juu ya magunzi. Nilitaka kusiwe na mtu mwingine duniani asiyejua.

Mapadri watatu, kwa miaka tofauti, wameniambia nimwachie Mungu mwenye huruma. Nimemwachia. Lakini kila ninapopanga mstari kupokea, naogopa kwamba mimi nimo ndani na mtoto wangu yuko nje. Mama Kavya anaogopa kwamba mtoto yuko ndani na yeye yuko nje. Nimekaa na jambo hili miaka ishirini na sita nikidhani ni langu peke yangu, kumbe kuna mwanamke Milimani, ambaye hata haombi kama mimi, analo lilelile.

Basi umjibu hivi. Mwambie kwamba shangazi yako hajui. Usimpambie, usimwongezee Salamu Maria. Mwambie sijui, na kwamba mimi pia namngoja Mungu anijibu, na akinijibu kwanza nitapanda gari hadi kwake nimwambie. Mwambie sidhani kuna Mungu ambaye angempa mama mtoto kisha amwekee mlango katikati, lakini hilo nalisema kama mama, silisemi kama katekista.

Jina la mtoto wangu halimo katika kitabu chochote. Kwa miaka yote hii hakuna aliyeniita kwa jina lake, hata mara moja. Naliandika hapa mwenyewe ulisome.

Shangazi yako,
Mama Wakhisi